Maneno Niliyompa Bi. Saumu

Nilichelewa. Simu ilinikuta Wundanyi asubuhi ya Jumanne nikianika maharagwe uani, na mpwa wa Mwalimu Mwadime akaniambia mzee ameaga alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Waislamu hawakawizi maiti, na magoti yangu hayataki haraka ya mteremko. Nikafika Voi Alhamisi, siku ya hitma, nikavua viatu mlangoni, akina mama wakanisogezea mkeka, sinia la pilau likawekwa katikati yetu. Watu walikuwa wakisema yale yanayosemwa. Mungu amempenda zaidi. Ameacha jina. Yeye na Bi. Saumu wake walizeeka wakipendana, hukuwasikia wakigombana, ni kuchekeshana tu na maneno yao. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Na wewe ulikuwa nani wao?" Nikasema nilikaa kwao mwaka mmoja, zamani, nilipokuwa nafundisha hapa. "Basi wewe uliwafaidi," akasema. Nikamjibu kwamba niliwafaidi sana, nikaendelea kula. Ukweli ni kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa na jambo la kumwambia yule mzee, na kila mwaka nilijiambia mwaka huu nitashuka. Sasa nimeshuka na hayupo wa kuambiwa. Ndiyo maana naandika, na sitajipamba.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimepata ualimu ule wa bila mafunzo, wa kungojea nafasi ya chuo, katika shule moja ya msingi pale Voi, na mwalimu mkuu ndiye aliyenielekeza kwa Mwalimu Mwadime na mkewe. Walikuwa wamestaafu wote wawili, watoto wameshakwenda na maisha yao, na chumba cha nyuma kilikuwa kimekaa bure. Yeye alikuwa Mdawida, Mtaita wa Ronge kule mlimani, aliyejifunza Kiswahili darasani, kwa fimbo, kama mimi. Mkewe alizaliwa hapo hapo Voi katika nyumba ya watu wa pwani, na Kiswahili hakujifunza, alinyonya. Walivyokutana mpaka wakaoana ni habari ya wenyewe, siiingilii. Wote wawili waliitana Mwalimu. "Mwalimu, chumvi iko wapi?" "Mwalimu, iko mbele ya macho yako." Mtu mgeni akiwasikia kutoka barabarani alidhani shule bado haijafungwa.

Sharti la nyumba niliambiwa kabla sijaweka sanduku chini. "Hapa kwetu," Mwalimu akasema, "kila mtu huja kwenye chai na neno." Nikajikaza nikatoa methali, kwa sababu niliona hawa ni walimu wa Kiswahili na nilitaka kupasi. Bi. Saumu akacheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, methali tumezifundisha miaka thelathini, zimetuchosha. Tunataka neno lililosemwa leo, na mtu mwenye shughuli zake, asiyejua kwamba anasikilizwa." Basi ikawa hivyo. Kila jioni saa kumi na moja, nikirudi shule na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, meza ilikuwa imetandikwa karibu na dirisha: chupa ya chai, mahamri chini ya kawa, mbaazi za nazi kwenye bakuli la bluu lenye ufa. Siku ambazo Mwalimu alikamata jiko mwenyewe tulikula kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na Bi. Saumu alikuwa akimwuliza kama anapika au anajenga. Kando ya kikombe cha Mwalimu lilikaa daftari kubwa la jalada gumu. Aliandika neno, aliyelileta, na mahali liliposikika. Siku ya pili nilileta la mzazi mmoja niliyemsalimia getini, akanijibu, "Tunasukuma tu." Mwalimu akauliza, "Anasukuma nini?" Mkewe akajibu kabla yangu, "Siku, Mwalimu. Siku zikikataa kuwaka zinasukumwa." Likaandikwa.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya miezi ile ya kwanza, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyeolewa vizuri. Bi. Saumu alikuwa na sikio la ajabu. Alileta neno la mjane mmoja wa kwenye kinu cha posho, ambaye kila akiulizwa hali alisema, "We wacha tu." Tulikaa na hilo neno mpaka chai ikapoa. Mwalimu alishikilia kwamba ni la kufunga mazungumzo. Bi. Saumu akamwambia hajui kitu, anayeambiwa wacha tu ndiye anayeombwa aulize zaidi, na kama hakuuliza basi amemwacha mwenzake peke yake. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha mlimani. Nikisema "kitu yangu" alikuwa akinitazama kwa huruma na kuniuliza, "Hicho kitu kimekukosea nini, mwanangu?" Nilijifunza upatanisho wa ngeli pale mezani zaidi kuliko chuo chochote kilichonifundisha baadaye. Na nilijifunza kusikiliza, jambo ambalo nimelijutia mara nyingi.

Kwa sababu ni mimi niliyesikia kwanza. Ilikuwa muhula wa pili. Nilianza kuona kwamba Bi. Saumu harudishi jibu, anarudisha salamu. Ukimwambia jirani ameibiwa kuku, anasema, "Ndiyo dunia." Ukimwambia leo mtoto wangu wa darasa la tatu amesoma aya nzima bila kukwama, anasema, "Tunamshukuru Mungu." Yote ni sawa, hakuna kosa, lakini ukikaa ukayapanga unaona yanaweza kubadilishana mahali na hakuna kitakachoharibika. Mgeni akipiga hodi, Bi. Saumu alikuwa wa kwanza: karibu, karibu ndani, za huko, za tangu juzi, watoto, wazee, kazi, na hili jua je. Mgeni akirudi kwake alisema mama yule ni mzima kuliko sisi. Lugha yetu ina heshima nyingi. Mtu anaweza kukaa ndani ya salamu robo saa nzima na akili yake isihitajike hata kidogo, na mimi siku hizi nikisikia mtu amenijibu haraka haraka salama, salama kabisa, hushtuka na kumtazama machoni.

Jumamosi moja nilimkuta jikoni amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nusu ya nazi mkononi. Mbuzi ilikuwa pale pale miguuni pake, imekunjuliwa, ulimi nje, tayari kwa kukuna. "Nipe kile," akaniambia. "Kipi, Bi. Saumu?" "Kile cha kukalia." Nikamsogezea kigoda. Akatikisa kichwa. "Kile chenye jino." Nikamwonyesha mbuzi kwa kidole, nikasema jina lake, naye akalirudia polepole, mbuzi, akaguna na kusema, "Huyo si mnyama?" Nilifikiri anafanya mzaha, nikacheka. Kisha nikaona machozi yanateremka na uso hausogei. Akanishika mkono kwa ule mkono wa nazi. "Usimwambie Mwalimu," akasema. "Alikuja kwetu kuposa hana kitu, hata viatu aliazima. Mimi nilimpenda kwa mambo mengi. Yeye alinipenda kwa maneno." Nikamwambia sitasema. Ningefanya nini? Nilikuwa na miaka ishirini na yule mama alikuwa amenishika mkono.

Kama ningeishia kunyamaza, pengine leo ningelala vizuri. Lakini niliongeza. Kila jioni, nikimimina chai kwenye chupa kule jikoni, nilimwambia, "Bi. Saumu, leo useme, fundi viatu wa Kaloleni amesema hivi: kiatu kikizeeka humjua mwenyewe." Alikuwa akilirudia mara mbili, midomo tu, kama mtoto anayetumwa dukani. Tukifika mezani alilitoa vizuri kuliko nilivyompa, na sauti ya fundi akaiga, na kichwa akakitupa nyuma. Mwalimu alipiga paja. "Mwalimu, wewe hujazeeka bado," alimwambia, na daftari likafunguliwa, jina lake likaandikwa. Siku moja alilitoa neno, tukacheka, na kabla mahamri hayajaisha akalitoa tena lile lile kama jipya. Mwalimu alibaki na kalamu juu. Mimi nikacheka kwa nguvu, nikasema leo Bi. Saumu anatupima kama tunasikiliza. Naye akacheka. Niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka alipocheka, jinsi alivyotaka sana kuniamini.

Mwalimu alikuwa na hofu, na mimi nilijua ana hofu. Chumba changu na chao vilitenganishwa na ukuta usiofika dari, na alasiri walipokuwa wakijinyoosha nilisikia kila kitu. "Mwalimu," nilimsikia akiuliza siku moja, kwa sauti ya mtu anayechungulia kisima, "jana tulikwenda kwa nani?" Kitanda kikalia. Kisha Bi. Saumu, "Kwa wenyewe." Mwalimu akacheka kidogo. "Na tulikula nini?" "Tulichopewa." Akacheka tena, sasa kwa kushukuru, akasema, "Umenishinda." Mtu mwenye akili angemfuata uani siku hiyo hiyo akamwambia, Mwalimu, hujashindwa, endelea kuuliza. Mimi nilichofanya ni kwenda sokoni nikatafuta neno zuri zaidi la kesho. Niliona namtendea wema. Siku hizi nikiona vijana wanavyowaficha wazazi wao habari mbaya ili wasiumie, sisemi kitu, maana nitasema nini mimi.

Ilikuwa Jumamosi tena, kabla ya mvua za vuli, lile joto la Voi ambalo hata mbwa hubweka akiwa amelala. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, Mwalimu yuko na gazeti lake. Bi. Saumu akatoka ndani amevaa buibui, pochi kwapani, akapita katikati yetu. "Naja," akasema. "Haya," akasema Mwalimu bila kuinua kichwa. "Haya," nikasema mimi. Kwetu anayesema naja ni yule anayeondoka. Watu wa lugha nyingine wanatucheka kwa hilo. Hakuna anayemwuliza mtu aliyesema naja anakwenda wapi, kwa sababu ameshakwambia jambo la maana, kwamba atarudi. Nilisahihisha madaftari ishirini na saba. Adhana ya adhuhuri ikalia. Mwalimu akakunja gazeti, akatazama barabara huku na huku, akaniuliza, "Alisema anakwenda wapi?" Nikasema, "Alisema anakuja." Tukatazamana.

Wiki ile ndovu walikuwa wamevunja uzio wa shamba nyuma ya mtaa na kumwumiza mtu aliyekwenda kuchota maji. Tulitoka mbio bila kofia. Na kila tuliyemwuliza alikuwa amemwona. Hilo ndilo lililonitisha. Mama wa mboga alisema amepita, tumesalimiana vizuri. Mzee wa duka la vyuma alisema amepita, amenipa pole ya jua. Hakuna aliyemsimamisha, kwa sababu alikuwa amemjibu kila mtu kikamilifu. Karibu na reli tulimkuta kijana mwuza mitumba. "Amepita hapa saa nne," akasema. "Mzima kabisa. Akaniuliza watoto wangu hawajambo, nikamwambia hawajambo."

"Wewe una watoto?" Mwalimu akamwuliza.

"Sina, Mwalimu. Lakini si ni salamu tu?"

Mwalimu alisimama pale juani. Alimjua huyo kijana. Bi. Saumu ndiye aliyemfundisha kusoma, na alijua hana mke wala mtoto. Nikaona anaanza kuhesabu nyuma, siku moja moja, na sikuweza kumwacha ahesabu peke yake. Nikamwambia. Nilisema, Mwalimu, yale maneno ya kwenye chai si yake, nilikuwa nampa mimi jikoni. Hakupaza sauti. "Tangu lini?" Nikasema tangu mwezi wa sita. "Lile la fundi viatu?" Langu. "Lile la 'mvua ina wenyewe'?" Langu. Aliyapitia yote, na kila moja nilijibu langu, langu, mpaka akafika la wiki iliyopita. "Na lile la 'nimechoka kuzoea'?" Nililikumbuka vizuri. Alilisema ghafla, mkono juu ya kitambaa cha meza, na Mwalimu akasema hilo ni la daraja la kwanza, akamwuliza amelisikia wapi, naye akatabasamu tu. "Hilo sikumpa," nikasema. "Hilo alisema mwenyewe." Mwalimu akafunika uso kwa viganja. "Mke wangu ananiambia," akasema, "na mimi naandika." Kisha akanitazama. "Umemlisha maneno kama kasuku, mezani kwangu, ukiniangalia nacheka." Akageuka, akaanza kutembea.

Ningeweza kujitetea. Ningemwambia ni Bi. Saumu aliyeniomba, alinishika mkono, alisema wewe ulimpenda kwa maneno. Sikusema siku ile, kwa sababu niliona nitajitoa motoni kwa kumtupa Bi. Saumu humo. Nikasema nitangoja Mwalimu apoe. Nilikaa kwao mpaka shule zilipofungwa, miezi miwili, na hakunifukuza. Kila asubuhi nilimwamkia, naye aliitikia marahaba, akaniuliza nimeamkaje, na shuleni, na wa nyumbani, salamu nzima, hakupunguza hata moja. Zaidi ya hapo hakuniambia kitu. Chai ilikuwa pale pale saa kumi na moja, mahamri yako pale, daftari halikuletwa tena. Nilikwenda chuo, nikafundisha, nikastaafu, nikamwandikia kadi kila Idi, akanijibu kila kadi kwa adabu. Kwenye maziko ya Bi. Saumu nilimpa mkono tu kwa sababu watu walikuwa wengi. Na wiki hii nimekula pilau la hitma ya Mwalimu na lile neno aliloniambia mkewe jikoni bado liko kwangu. Lilikuwa lake kupewa. Sijui kama lingemponya au lingemwumiza zaidi, lakini nilikuwa nimelishika mimi na halikuwa langu.

Bi. Saumu tulimpata alasiri ya Jumamosi ile ile. Mtu wa baiskeli alituambia amemwona mama wa buibui barabara ya Mwatate, mbele ya Ikanga, na pikapu moja iliyokuwa ikirudi shamba la mkonge ikatubeba. Alikuwa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza chai, amekaa kwenye benchi kivulini, viatu amevivua vimekaa mapajani, miguu imevimba, nyekundu kwa vumbi. Mwenye kibanda alikuwa amempa maji. "Nimemwuliza anakaa wapi, anasema hapo tu," akatuambia. "Nimemwuliza anangoja nani, anasema wenyewe watakuja. Nikaona si mtu wa kuhangaisha." Mwalimu alimpita, akaenda akasimama mbele ya mkewe, jasho linamtiririka, shati limeshikana na mgongo. Bi. Saumu akainua macho. Uso wake ukafunguka wote, uso mzuri sana, ule aliowapa wageni.

"Jamani," akasema, "umepotea."

Mwalimu alishika nguzo ya kibanda. Nilifikiri ataanguka, nikasogea. Kisha nikamsikia akijibu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni shughuli tu, Mwalimu."

"Watu wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mkeo je? Hajambo?"

Mwenye kibanda aliacha kuosha vikombe. Mimi niliangalia lami. Mwalimu akavuta pumzi, na nilijua kutokana na miezi yote ile mezani kwamba hangemjibu uongo na hangemjibu vibaya.

"Hajambo kidogo," akasema.

"Ah. Kumbe alikuwa mgonjwa. Pole sana. Basi nisalimie, mwambie Saumu anamsalimu sana."

"Zimefika," Mwalimu akasema, akachutama pale vumbini, akachukua kiatu kimoja mapajani mwake, akaanza kumvalisha.